Paa la Nyasi

Cyrus aliisogeza simu karibu na kompyuta ili mama yake, aliye kule Bondo, aione picha vizuri. Nikiwa jikoni hapa ughaibuni, Midrand, nilimsikia mume wangu akijigamba.

"Nyumba ya kale ya Japani, Mama, nimeinunua! Kuta za udongo, paa la nyasi. Nitaikarabati yote, lakini nyasi lazima zibaki nyasi."

Nikaenda kuchungulia kwenye simu. Kule Bondo mvua ilikuwa ikinyesha. Nyuma ya Mama, beseni la bluu lilikinga maji yaliyovuja kutoka kwenye paa lake la nyasi. Mabati tumemwahidi tangu tuoane.

Mama akaiinamia picha.

"Maskini," akasema. "Hao waliokuuzia, hawakuwa na mtoto wa kuwaezekea mabati?"