Kitufe cha Karakana

Fundi alituma ujumbe kutoka kwenye simu yake, na taa iliyokuwa kando ya kitanda ikawaka mara tatu. Basi taa ilikuwa nzima. Hata kile kibao kidogo cha kompyuta chenye Wi-Fi, kilichofungwa kwa utepe nyuma yake, kilikuwa kizima.

"Sasa mbona ujumbe wa mume wangu haufiki?" mama mwenye nyumba aliuliza.

Alikuwa mzee, na masikio yalikuwa yamemtangulia kuzeeka. Ndiyo maana ya hiyo taa. Karakana ya mumewe ilikuwa chini, mwisho wa ngazi za mbao ambazo fundi alipozipanda zililia kila alipokanyaga. Kumwita mke kwa sauti kutoka kule ilikuwa kujichosha bure. Mume akimaliza kutengeneza redio zake hubonyeza kitufe ukutani, ujumbe hupita kwenye Wi-Fi, taa huwaka huku juu, mke huinjika chai. Lakini tangu mvua zianze taa ilikuwa kimya, na mama hakulala tena kitandani. Alikesha kwenye kiti, akiikodolea macho.

"Ngoja niteremke nikikague hicho kitufe," fundi alisema kwa sauti kubwa.

"Huko usiende. Tafuta huku huku."

Fundi akaguna kimoyomoyo. Wateja wa namna hii aliwajua: wanakuita, halafu wanakufundisha kazi. Akamwomba nywila ya ruta, akaifungua kwenye simu. Tatizo akaliona papo hapo, karibu acheke. Kitufe cha karakana kilikuwa kimefungiwa mtandao. Hakikuharibika, kuna mtu alikaa akakifungia kwa mkono wake.

Alipouliza ni nani, mama alisema ni yeye. Mumewe ndiye aliyemwonyesha namna ya kufanya, wakati ule majirani walipokuwa wakiwaibia intaneti.

"Kufungia alinifundisha," alisema. "Kufungulia hakunifundisha."

"Na yeye mwenyewe ni king'ang'anizi." Fundi alimsogezea simu. Ruta ilikuwa ikihesabu kila ujumbe ilioukataa, na hesabu ilizidi kupanda wakiitazama. "Ona, hata sasa hivi anabonyeza. Umri huu, mama, bado mnanuniana?"

Mama alifumba macho. "Kumbe bado ananitafuta," alisema, wala hakuwa akimwambia fundi. Kisha akamshika mkono. "Mfungulie, mwanangu. Nimechoka kukaa peke yangu."

Fundi akafungulia. Hakugusa kitu kingine. Simu ilikuwa bado mkononi mwake taa ilipowaka mara tatu.

Alicheka, akaanza kukusanya bisibisi zake, akisema huyo mzee lazima ameganda na kidole kwenye kitufe. Mama hakucheka. Aliinjika birika, akapangusa vikombe viwili, akajitengeneza nywele mbele ya kioo.

"Usimfungie tena," fundi alimtania akiwa mlangoni. "Kwani alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Niliogopa tu." Mama alikuwa amempa mgongo, macho kwenye taa. "Ndiyo kwanza tulikuwa tumetoka kumzika. Nikaingia humu chumbani, nikaikuta inawaka."

Nyuma ya fundi, chini kabisa, ngazi zikaanza kulia, kidato baada ya kidato.