Mchezaji wa Pili

"Umechomoa waya?"

"Nimeshachomoa," Urho akajibu masikioni mwa Saimi, kupitia vipokea sauti.

Saimi akaangalia skrini. Mchezaji akikatika mtandao anapaswa kutoweka mchezoni, sura na sauti. Lakini Urho alikuwa bado amesimama darajani, theluji ya mchezo ikimwangukia, jina lake likielea juu ya kichwa.

"Umekatika na bado unaongea. Makubwa haya."

"Basi usiliandike kosa hili, Saimi. Nakuomba."

Kazi ya Saimi ilikuwa hiyo tu: kuucheza mchezo mpaka ukosee, kisha aandike kosa, mafundi walirekebishe kabla haujauzwa. Alikuwa mgeni katika mji wa Oulu, na Pirkko, fundi mkuu, alishamwambia kwamba asipoleta kosa la maana kufikia Ijumaa, afungashe virago.

Saimi hakuwahi kumwona Urho uso kwa uso. Nusu ya kampuni hufanyia kazi nyumbani. Ila ndiye aliyempokea mchezoni siku ya kwanza, akamwonyesha kila uchochoro, akamtania mpaka woga ukamtoka.

"Kumbe ulilijua, ukanyamaza?"

"Siku nyingi. Ukiliandika, mimi nimekwisha."

Roho ilimuuma Saimi. Mtu mzima kubembeleza hivyo kwa ajili ya kibarua! Lakini yeye je? Arudi Kemi kwa mama yake, aambiwe si tulikwambia?

"Nisamehe, kaka," akasema, akaliandika.

Urho akageuka kuelekea ng'ambo. "Haya, shauri yako. Twende basi tuvuke daraja mara moja tena."

Wakavuka. Safari hii hakumtania.

Baada ya chakula cha mchana mafundi walikuwa wamemaliza kulirekebisha kosa. Saimi akaufungua mchezo. Darajani hapakuwa na mtu.

"Urho?"

Upepo tu. Wamemfukuza tayari, na mkono wake umo.

Pirkko akaja na kahawa na kipande cha mkate mtamu wa pulla, uso umechangamka. "Hongera, mwenzangu. Lile lingetuaibisha mbele ya dunia. Kazi ni yako."

"Na Urho je? Msimfukuze, tafadhali. Mimi ndiye niliyemponza."

Pirkko akakiweka kikombe mezani.

"Nani kakwambia habari za Urho?" akauliza kwa sauti ndogo. "Tulimzika kabla ya Krismasi, wewe hujaja bado. Hicho kiti ulichokalia ni chake."