Sauti Isiyoendana na Mfumo Mpya

Kwa mara ya nne asubuhi hiyo fundi alifungua programu, na kwa mara ya nne kioo cha kompyuta kikaandika: Programu hii haiendani na mfumo wako mpya.

"Inasema hivyo hivyo tangu siku ya kwanza," alisema mke, bila kuinua macho kutoka kwenye shati alilokuwa akilipiga pasi. "Ina msimamo kuliko watu wengi ninaowajua."

Mumewe alikuwa kitandani, ameegemezwa mito mitatu. Kiharusi kilimwachia vitu viwili: macho, na kidole gumba cha mkono wa kulia. Kwa miaka miwili kidole hicho ndicho kilichokuwa mdomo wake. Herufi zilipita moja moja kwenye kioo, yeye akabonyeza kitufe ilipofika ile anayoitaka, na mwisho wa sentensi kompyuta ikaisema kwa sauti kubwa, kavu, iliyosikika mpaka uani. Maji. Dirisha. Nani amekuja?

Wiki tatu zilizopita mfumo wa kompyuta ulisasishwa, na sauti hiyo ikafa.

"Mfumo huu hausasishwi kwa bahati mbaya, mama," alisema fundi, binti mwembamba aliyechomeka bisibisi kwenye nywele. "Unaonya kwanza. Unakutajia programu zitakazogoma, kisha unauliza mara tatu kama una hakika, na kila mara unangoja kitufe kibonyezwe. Nani alikubali?"

Mke akaelekeza pasi mlangoni, alikosimama mdogo wa mumewe na beseni la maji ya kunyolea.

"Shemeji, nimeshaapa mpaka viapo vimeniishia," alisema mdogo mtu. "Jumapili ile ulikwenda ibadani ukaniacha naye. Nikasinzia kwenye kiti, hilo nakiri. Lakini kompyuta sikuigusa. Mimi hata simu yangu mwenyewe inanizidi akili."

"Kwa hiyo ilijikubalia."

"Labda shetani."

"Usimsingizie shetani. Ana kazi zake nyingi."

Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameyasema hayo mara nyingi mno, yakabaki maneno tu. Mdogo mtu alipiga magoti kando ya kitanda, akaanza kumpaka kaka yake povu. Zamani alikuja kinyozi mara moja kwa wiki. Tangu Jumapili ile alimnyoa yeye, kila siku, kama adhabu aliyojipa mwenyewe.

Fundi akaendelea. Aliilazimisha programu ifanye kazi kana kwamba iko kwenye mfumo wa zamani, ikafunguka, ikaganda. Akatafuta toleo jipya. Walioitengeneza programu walishafunga ofisi. Akajaribu kuurudisha mfumo wa zamani wenyewe. Siku kumi za kuruhusiwa kurudi nyuma zilishapita.

"Mngeniita mapema."

"Wamekutangulia wawili. Walisema haina dawa." Mke alilitundika shati, akachukua jingine. "Jitahidi, mwanangu. Mimi siku hizi sitoki chumbani humu. Zamani aliita, nikamwitikia nikiwa hukohuko jikoni, mambo yakaenda. Sasa nikikaa mbali nitajuaje anataka nini? Lazima nimtazame machoni. Pasi, cherehani, vyote nimevihamishia humu. Mpaka kitanda changu."

Alisema bila uchungu, kama anayesoma orodha. Kila alfajiri alipiga magoti pale pale sakafuni, akamshika mumewe mkono, akamwomba Mungu airudishe ile sauti. Siku za kwanza alilia. Siku ya ishirini na moja alisema maneno yale yale, hakusikia kitu moyoni, akasema amina, akaamka kukunja nguo.

Saa sita mchana fundi akapata njia. Aliuweka mfumo wa zamani ndani ya ule mpya, kama chumba ndani ya nyumba, akaifungia programu humo. Ikafunguka. Herufi zikaanza kupita.

Akakiweka kitufe chini ya kidole gumba cha mzee. Herufi zikapita zote, ya kwanza mpaka ya mwisho. Kidole hakikusogea.

"Kitufe nacho hakielewani na mfumo," alisema fundi. Akakijaribu kwa kidole chake; kikafanya kazi. Akabadilisha waya hata hivyo, akakirudisha kwa mzee. Herufi zikapita tena.

"Basi ni mkono," alisema mdogo mtu polepole. "Umekufa na wenyewe."

"Haujafa," alisema mke. "Nikisali huwa unanibana."

Akachomoa pasi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba watoto, watu wamehangaika. Sema neno moja tu. Hata kama ni la kunitukana."

Mzee alimtazama mkewe kwa muda mrefu. Kisha akamtazama mdogo wake, aliyekuwa na povu la asubuhi lililomkaukia viwikoni. Kidole kikashuka. Kikangoja. Kikashuka tena. Ilichukua karibu robo saa.

Halafu ikasikika sauti ile kubwa, kavu, mpaka uani:

"Ni mimi niliyebonyeza. Fundi, irudishe kama ulivyoikuta."