Steringi Hafi

Steringi, shujaa wa filamu, alibakiza hatua tatu afe, na Kahindi hakuwa na neno la kusema.

Maikrofoni iko mkononi, jasho linamchirizika mgongoni. Ukumbi wa video wa Makadara ulifurika Jumamosi ile mchana, watu wamebanana kwenye mabenchi mpaka mlangoni, na wote wanamngoja yeye. Ndiye DJ wao. Ikiwekwa filamu ya Kizungu, Kahindi ndiye anayeitia Kiswahili: sauti ya mwanamume yake, ya mwanamke yake, mpaka ya mbwa.

Lakini filamu hii, jamani! Imetolewa kwenye riwaya moja ya mambo ya miaka ijayo, ya mji ambao kila asubuhi kipaza sauti kinasoma majina ya watu wasiohitajika tena. Ukisomwa, hata mkeo anakufungia mlango. Tangu mwanzo hakuna aliyecheka. Ketty, muuza mahamri, alikuwa akilia kwenye leso yake, na wanaume wawili wa nyuma walishatoka wakimlaani aliyeileta.

Kahindi hakuwa na habari nao. Macho yake yalikuwa kwa mtu mmoja tu, benchi la mbele: Chirau, mtoto wa mama yake mdogo.

Wiki sita nyuma, mama yake Kahindi alimvuta kando akamnong'oneza, "Mwanangu, Chirau ana mawazo mabaya. Anataka kujitoa roho. Usimwache peke yake hata dakika moja. Hana mwingine ila wewe."

Wakati huo Kahindi alikuwa ametoka kumzika mkewe, Winnie. Kazi alishaiacha, hatoki, haongei na mtu. Lakini angefanyaje? Akainuka. Na kweli Chirau alikuwa mzigo! Hali chakula mpaka Kahindi ale naye sahani moja. Halali mpaka Kahindi atandike mkeka chumba hicho hicho. Ndiye aliyeshikilia kwamba Kahindi airudie maikrofoni, ati sauti yake inamtuliza moyo. Kahindi alichoka, akavumilia. Mambo yake mwenyewe angeyamaliza baadaye, Chirau akishapona.

Sasa leo mwenye ukumbi kaleta balaa hili. Kahindi alimsihi aweke filamu nyingine, akakataa. Alimsihi Chirau abaki nyumbani, naye akakataa.

"Wewe ukienda, naenda," alisema, basi.

Steringi akafika juu ya ukuta wa mji. Chini yake bahari nyeusi. Akageuka, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo Kahindi aliyaelewa vizuri mno: kwamba amechoka, na kwamba hakuna anayemngoja popote.

Chirau hakutazama kioo cha video. Alimtazama Kahindi.

Nikilisema hili kama lilivyo nimemuua, Kahindi akawaza.

"Anasema..." Akaisogeza maikrofoni mdomoni. "Anasema ng'ambo kuna watu wanamngoja! Mamake yuko huko! Anasema, roho yangu siwapi hawa mashetani, naogelea!"

Steringi akajiachia. Maji yakamfunika, kioo kikawa cheusi.

Ukumbi ukalipuka. "Amekufa!" "Hajafa!" "Steringi hafi, nyie!" Mzee Taib, ambaye hakosi filamu hata moja, alipanda juu ya benchi na kanzu yake.

"DJ, yakhe, usitufanye watoto! Mtu hatoki pale!"

"Anatoka!" Kahindi alipiga kelele, machozi yanamtiririka na yeye hana habari. "Namwona mimi! Pumzi anayo! Anapiga mkono, huo, na wa pili huo... Ndugu yangu, usichoke! Umekaribia! Wallahi umekaribia!"

Majina ya waigizaji yalikuwa yakipanda kwenye kioo, naye bado anamwogelesha mtu. Watu wakanyamaza mmoja mmoja. Ketty akaanza kupiga makofi, wengine wakamfuata, na hata Mzee Taib akashuka, akakaa, akaanza kupangusa miwani yake.

Pazia la mlangoni likavutwa, mwanga ukaingia. Mahali pa Chirau palikuwa patupu.

Kahindi aliiachia maikrofoni ikaanguka. "Yuko wapi? Chirau yuko wapi?"

"Ameelekea Ngomeni," mtu wa mlangoni akamjibu. "Alikuwa analia, maskini."

Alikimbia kama mwizi. Ndala moja ilimtoka mbele ya hoteli ya chai, ya pili akaitupa mwenyewe. Tuktuk zilimpigia honi, wauza vinyago wakamwita, hakusikia. Akazunguka Ngome ya Yesu, akateremka kwenye mawe upande wa bahari huku miguu ikimchanika. Kwa Winnie nilichelewa, alikuwa akijiambia, kwa Winnie nilifika wameshamfunika. Ya Rabi, na huyu pia?

Chirau alikuwepo. Amesimama ukingoni kabisa mwa mwamba, mgongo huku, maji yanapiga chini yake, mabega yanamtetemeka.

Kahindi hakumwita. Aliogopa kumshtua. Akanyata, jiwe kwa jiwe, mikono ameitanguliza ili amkamate kiuno kwa nyuma. Hatua kumi. Tano. Hapo ndipo alipoiona simu sikioni mwa Chirau, na upepo ukamletea sauti yake.

"Usilie, mama mkubwa," Chirau alikuwa akisema. "Nimemwacha ukumbini, kwenye watu. Leo pia hajajidhuru. Bado anaamini mgonjwa ni mimi."