Kiboksi cha Baba Kabatini

Jamani, mtanibishia, lakini hili limetokea kwetu Jumanne na picha ya mita ya umeme ninayo kwenye simu. Uniti ishirini kwa siku moja! Na nyumba ina mimi na mama tu.

“Ni hiyo simu yako, Hemedi,” mama akasema. “Iko ukutani kutwa nzima, utadhani imelazwa.”

“Simu haili hivyo, mama. Au baba bado umemwacha anawaka?”

“We mtoto una adabu kweli? Si nilimzima mbele yako?”

Sheria mnaijua. Sauti ya marehemu inakaa kwenye kiboksi mpaka arobaini, halafu inazimwa. Watu wa serikali wakikuta bado inaongea, wanaichukua na kuifuta kabisa. Arobaini ya baba ilipita mwezi uliopita.

Bado nikamshuku mama. Alipotoka kwenda sokoni, nikafungua kabati lake. Kiboksi kilikuwa cha moto, taa inawaka.

“Funga mlango, mwanangu,” baba akaniambia. “Mama yako hajui. Nimejiwasha mwenyewe.”

Mara namsikia mama uani: “Hemedi! Umeshampata anayekula umeme?”

Ungekuwa wewe, ungemjibu nini?