Simu ya Theodory

Mama Lukresia aliushika mkonga wa simu kwa mikono miwili, akasikiliza, kisha akamgeukia Violet wa mapokezi.

"Leo mmempeleka wapi mwanangu?"

Violet aliinamia kalamu yake. Aliyejibu ni Aikande, fundi kutoka mtaa wa Pasua, aliyekuwa amepiga magoti chini ya meza akivuta nyaya. Mwaka ule simu za mtandao ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia kwenye ofisi za Moshi, na kampuni hii ya kununua kahawa haikutaka kuachwa nyuma.

"Shikamoo, mama. Tunabadilisha simu zote. Ulikuwa unapiga namba gani?"

"Marahaba. Kumi na nne, ya Theodory. Huwa inaita, halafu anaongea. Leo inalia tii, tii, tii, kama inanifukuza."

Aikande alisimama akamtazama vizuri. Mama wa watu alikuwa ameshuka kutoka Marangu na kikapu cha ndizi mbivu na kibuyu cha maziwa, na kwenye mkono wa kikapu alikuwa amefunga jani bichi la isale. Isale Wachagga huipanda mpakani na makaburini. Na mtu akikukosea, hushika jani lake na kukujia nalo. Ukilipokea mkononi, huna budi kusamehe. Kaburi la baba yake Aikande lilizungukwa na isale, na moyo wake ulikwenda huko moja kwa moja.

"Akiongea anasemaje, mama?"

"Anasema hayupo mezani, niache ujumbe. Nami naacha. Kila nikija sokoni naacha."

"Na yeye hukupigia?"

"Bado," alisema mama, akatabasamu.

Violet alimvuta Aikande nyuma ya kabati. "Mwache tu, tumeshamzoea," alinong'ona. "Hiyo kumi na nne uiweke mwisho."

"Kwani mwenyewe...?"

Violet alitazama ngazi, akatazama sakafu. Macho yalikuwa yamemlowa. "Usiniulize mimi, dada."

Aikande hakuuliza tena. Baba yake mwenyewe aliondoka duniani bila kuacha hata neno moja kwenye kanda, na angetoa mshahara mzima amsikie tu akikohoa. Mtambo wa zamani ulikuwa unang'olewa jioni ile. Kama namba kumi na nne isingewekwa kwenye mtambo mpya, sauti ya Theodory ingekwenda na vyuma chakavu, na mama huyu asingeisikia tena.

Wenzake walipokwenda kula, yeye alifungua boksi.

"Simu hii, mama, ni kama mtoto aliyezaliwa leo. Haijui jina wala namba. Ukiichomeka kwenye waya, kwanza inaomba anwani. Ikishapewa, inaenda kuiuliza kompyuta kubwa kule: mimi ni nani? Ikijibiwa, inajiandikisha, ndipo unaweza kuipigia. Isipojiandikisha, utapiga mpaka uchoke."

"Na jibu analiandika nani?"

"Naliandika mimi."

Akaliandika. Akaihamisha na ile sauti ya zamani, kisha akachomeka waya. Kioo kilikaa kitupu kwa muda, kikawaka, kikazimika, na mama akashika kifua. Mara ikatokea taa ya kijani, na jina: THEODORY, 14.

Mama Lukresia aliligusa jina kwa kidole. Akapiga kutoka simu ya mapokezi. Ile mpya ikaita pale pale mezani, na Aikande akaiacha iite mpaka iliponyamaza yenyewe.

"Hapa ni Theodory. Sipo mezani kwa sasa. Acha ujumbe, nitakupigia."

Violet alibeba kikapu, akatoweka nacho ngazini.

"Theo, baba, ni mimi," mama alisema kwa Kichagga, taratibu, kama anayembembeleza mtoto ale. "Kihamba chako, shamba la babu zako, kipo kama ulivyokiacha, sijamgawia mtu. Nilikosea. Njoo Krismasi, hata kama ni kuja kunigombeza."

Aikande alishindwa kujizuia. Alilia mbele ya mteja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aanze kazi. Mama alimpangusa kwa pindo la kanga yake. Kisha akalichukua jani la isale, alilokuwa amelifungua kwenye kikapu, akalifunga kwenye mkonga wa simu mpya.

"Mpelekee pamoja na simu yake, mwanangu. Mimi ngazi siziwezi."

Alipoondoka, Aikande aliibeba simu kifuani kama anayebeba shada. Alipanga kuiweka juu ya meza tupu, taa ya kijani iwake, jani likauke polepole pembeni yake. Alikutana na Violet akishuka mikono mitupu.

"Ni chumba kipi?"

"Mlango wa mwisho. Bisha hodi kwanza."

Hodi ya nini kwenye chumba kisicho na mtu, alijiuliza, lakini alibisha.

Nyuma ya meza, kikapu kikiwa miguuni, mwanamume mwenye shati jeupe alikuwa anamenya ndizi.

"Ameshaondoka?" aliuliza, kwa sauti ile ile ya kwenye simu. "Simu weka hapa. Hilo jani usinipe mkononi, katupe."