Alama ya Dole

Zamda alitandaza mezani ombi la kufutiwa hukumu, akafungua pedi ya wino. Wagomaji kumi na mmoja wa kiwanda cha chokaa walifungwa kwa kuchoma ghala ambalo hawakulichoma. Alikuwa amebaki mmoja tu wa kutia dole: Mzee Shekue, ambaye tangu atoke jela hakuna mwenzake aliyekanyaga kwake.

"Una moyo wewe, mwanangu," mzee alisema. "Unajua mimi ndiye niliyemtaja baba yako?"

"Najua. Tia dole, mzee."

"Polisi walinipiga mpaka nikazimia. Nilipozinduka, dole lina wino. Wakaniambia nimeshakiri, nimewataja wote. Na baba yako akafia ndani."

Zamda alimshika mkono, akalibonyeza dole gumba kwenye pedi, kisha kwenye karatasi. Likabaki doa jeusi tupu, halina mstari hata mmoja. Akarudia. Doa lile lile.

"Ndivyo lilivyo," mzee alisema kwa aibu. "Chokaa ililiunguza zamani, hata mgomo haujatokea."

Zamda akatoa mkobani nakala ya yale maelezo ya kukiri ya mzee, karatasi aliyoichukia tangu utotoni. Chini yake palikuwa na alama ya dole, mistari yake imejipinda safi, yote inahesabika. Akaiweka kando ya yale madoa mawili.

Mzee Shekue aliinama, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akaanza kulifuta dole lake kwenye shati, taratibu, kisha kwa nguvu, akaendelea kulifuta hata wino ulipokwisha.